Jino lililomeguka: tazama kina, si ukubwa

Jino likimeguka, ulimi ndio unaotangulia kuleta habari, na habari zake huwa zimetiwa chumvi. Watafiti waliolipima jambo hili wameona kuwa kijishimo kinachopapaswa kwa ncha ya ulimi hukisiwa kuwa kikubwa kuliko kilivyo. Mtu anakimbilia kioo, anaona pengo dogo lisilofanana na lile alilolihisi, na badala ya kutulia anazidi kuwaza. Je, litaoza? Litang'olewa? Nitachomwa sindano? Kuna nini ndani nisichokiona? Usiku ukiingia, wasiwasi wa jino moja umeshasambaa kwenye meno yote.

Wasiwasi huo si wa kuonewa aibu, wala si wa watu wachache. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kuwa zaidi ya watu bilioni moja walio hai wamewahi kuumia meno kwa kuanguka, kugongwa au ajali nyingine. Na woga wa kiti cha daktari wa meno unafahamika kitabibu kiasi cha kuwa na kipimo chake: mwaka 1969 mtafiti Norman Corah alitoa dodoso la maswali manne la kuupima, na mwaka 1995 Gerry Humphris na wenzake wakaliongezea swali la tano, linalohusu sindano ya ganzi. Daktari anayemcheka mgonjwa kwa kuogopa hajui kazi yake vizuri.

Nikipewa nafasi ya kumwambia neno moja mtu aliye katika hali hiyo, nitamwambia hivi: ukubwa wa kipande kilichotoka hauelezi mengi. Kinachoamua kama jino linahitaji tiba, kwa haraka gani, na tiba hiyo iwe nzito kiasi gani, ni kina ambacho mpasuko umefika. Kipande kikubwa kilichotoka kwenye kona ya jino kinaweza kuzibwa kwa kikao kimoja kisicho na maumivu. Ufa mwembamba ambao macho hayauoni unaweza kuligharimu jino zima.

Matabaka matatu

Nje kabisa kuna enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Kwa uzito, takriban asilimia 96 yake ni madini, na pale ilipo nene zaidi, kwenye ncha za magego, hufikia kama milimita 2.5. Enameli haina neva wala chembe hai. Chembe zilizoijenga hutoweka jino linapochomoza, na ndiyo sababu kipande kikitoka hakioti tena. Lakini ni sababu hiyohiyo inayofanya mmeguko ulioishia kwenye enameli usiume. Ukiona pengo lenye weupe uleule wa jino, na maji baridi hayakushtui, yaelekea umeishia hapo.

Chini ya enameli kuna dentini, ya rangi ya manjano kidogo, laini zaidi, iliyo hai kwa namna yake. Imejaa vijimrija vyembamba mno, makumi ya maelfu katika kila milimita ya mraba, vinavyoelekea ndani na vyenye majimaji. Msweden Martin Brännström, katika miaka ya 1960, ndiye aliyeonyesha kwa majaribio kinachotokea dentini inapoachwa wazi: baridi, hewa au kitu kitamu husogeza majimaji hayo, na msogeo huo huzishtua neva zilizo ndani. Ndiyo maana maumivu ya dentini huja kama mkuki, makali na mafupi, kisha hutoweka kichokozi kikiondoka. Yanatisha, lakini yanaonyesha kuwa jino bado liko hai. Shida ni kwamba mrija uliofunguka humfungulia bakteria njia pia, na kwa hiyo dentini iliyo wazi haifai kuachwa wiki baada ya wiki.

Ndani kabisa kuna kiini, chenye mishipa ya damu na neva. Kiini kimefungiwa katika chumba cha kuta ngumu, hivyo kikivimba hakina pa kutanukia, na maumivu yake ni yale yanayomwamsha mtu saa nane usiku. Kwa mtoto na kijana, chumba hicho ni kipana na kiko karibu na uso wa jino. Kadiri umri unavyokwenda, hupungua. Mmeguko wa kina kilekile unaweza kukifikia kiini cha mtoto wa miaka tisa usikifikie cha mtu wa miaka hamsini. Tundu dogo la rangi ya waridi au nyekundu katikati ya pengo, au damu inayotoka ndani ya jino lenyewe na si kwenye ufizi, ni ishara kwamba kiini kimeachwa wazi.

Kioo, hata hivyo, hakionyeshi kila kitu. Kuna ufa unaoshuka kuelekea mzizi bila kutoa kipande chochote. Dalili inayoutambulisha ni maumivu makali yanayokuja pale unapoachia baada ya kung'ata, zaidi ya unapong'ata. Ufa wa namna hiyo mara nyingi hauonekani hata kwenye picha ya eksirei, kwa kuwa picha ni bapa na ufa unaweza kuwa umelala upande usiopigwa. Daktari huutafuta kwa taa kali, kwa rangi, na kwa kukung'atisha kifaa kidogo kwenye ncha moja ya jino baada ya nyingine. Vilevile kuna jino lililopigwa likabaki zima lakini nyuzi zinazolishikilia kwenye mfupa zikaumia. Kama jino linacheza, limesogea, au meno hayakutani kama zamani ukifunga mdomo, ukubwa wa pengo umekwisha kuwa jambo la pili.

Uende lini?

Mmeguko wa enameli pekee hauna dharura. Omba miadi ya kawaida, endelea na maisha. Dentini ikiwa wazi, nenda ndani ya siku chache, hata kama maumivu yamepungua. Kiini kikionekana, jino likicheza au likisogea, nenda siku hiyohiyo au kesho yake.

Kuna mambo ambayo hayangoji miadi. Uvimbe wa uso au chini ya taya, homa, shida ya kumeza, kupumua au kufungua mdomo: hayo ni ya hospitali, saa hiyohiyo. Na kama jino limevunjika kwa pigo la kichwa, kisha mtu akazimia, akatapika au akachanganyikiwa, jino lisubiri. Kichwa kiangaliwe kwanza.

Kabla ya kufika kwa daktari, kuna kazi moja ambayo watu wengi huisahau: kitafute kipande. Kipande safi kinaweza kugandishwa mahali pake, na hakuna rangi ya kutengenezwa itakayolingana na ya jino lako kama chenyewe. Kihifadhi kwenye maji au maziwa kisikauke. Kikikauka hupauka na kuwa dhaifu. Hata hivyo mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha kimataifa cha wataalamu wa majeraha ya meno unashauri kiloweshwe kwa dakika 20 kabla ya kugandishwa. Kipande kisipoonekana na mdomo umechanika, mwambie daktari, kwa sababu vipande hujichimbia ndani ya mdomo wa chini na kushonewa humo bila mtu kujua. Na kama baada ya ajali mtu ameanza kukohoa au kupumua kwa mluzi, huenda amekivuta kwenye mapafu. Hapo hospitali haikwepeki.

Mengine ni madogo. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu. Weka kitambaa chenye baridi shavuni kama pamevimba. Ncha inayokata ulimi ifunike kwa nta ya meno au jojo isiyo na sukari. Dawa ya maumivu imeze kwa kipimo kilichoandikwa. Usiiweke aspirini juu ya ufizi ukidhani itafanya kazi haraka zaidi, maana huunguza nyama ya mdomo. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa nayo huunguza. Usilisugue jino kwa tupa, na usigandishe kipande kwa gundi ya dukani. Endelea kupiga mswaki hapo hapo, taratibu, kwa kuwa jino lililojeruhiwa likiachwa chafu ndipo matatizo huanza.

Kitakachofanywa kwenye kiti

Hapa ndipo fikra zinapomtangulia mtu kupita kiasi. Kwa kipande kidogo cha enameli, tiba yote inaweza kuwa kulainisha ukingo kwa dakika chache. Hakuna neva inayoguswa, na kwa kawaida ganzi haihitajiki.

Pengo likionekana au dentini ikiwa wazi, tiba ya kawaida ni kulijaza kwa resini, plastiki ngumu ya rangi ya jino. Msingi wake uliwekwa mwaka 1955 na Mmarekani Michael Buonocore, aliyejua kuwa viwandani asidi ya fosfori hutumika kuandaa chuma kishike rangi, akajaribu kitu hicho kwenye enameli. Asidi huchimba vinyweleo visivyoonekana kwa macho, resini huingia humo na kung'ang'ania. Kabla ya ugunduzi huo, ili kitu kishike ilibidi jino lichimbwe mahali pazima. Leo daktari huchagua rangi kwanza, tena mapema, kwa kuwa jino likikaa kavu kwa dakika chache huonekana jeupe kuliko kawaida, na rangi iliyochaguliwa wakati huo haitalingana na jino litakapolowa tena. Kisha hupaka asidi kwa sekunde chache, husuuza, hupaka gundi, hujenga resini tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hukazwa kwa mwanga wa buluu. Mwisho hung'arisha. Kama unataka kung'arisha meno yako kwa dawa ya kuyafanya meupe, fanya hivyo kabla, kwa maana resini haibadiliki rangi kwa dawa hizo. Na acha wiki mbili zipite kati ya kuyafanya meupe na kuziba, kwa kuwa mabaki ya dawa hudhoofisha mshiko.

Resini si ya milele. Inashika madoa, inachakaa, nayo huweza kumeguka. Lakini ina sifa ambayo naithamini kuliko uimara: inaacha karibu jino lote likiwa zima, na ikiharibika hurekebishwa juu kwa juu.

Linganisha na kofia ya jino, yaani gamba gumu linalofunika jino zima. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2002 kuhusu meno ya mbele vilionyesha kuwa kuandaa jino kwa ajili ya kofia nzima huondoa kati ya asilimia 63 na 72 ya sehemu ya jino iliyo juu ya ufizi. Ganda jembamba la kauri linalobandikwa upande wa mbele huondoa kati ya asilimia 3 na 30. Kilichoondolewa hakirudi. Ndiyo maana mtu aliyemeguka kona ya jino la mbele akiambiwa avishwe kofia, ana haki ya kuuliza kwa upole: kwa nini isiwe resini kwanza? Pengine jibu lipo. Gego lililokwisha kuzibwa pakubwa, likapoteza ncha nzima, na linalobeba nguvu zote za kutafuna, mara nyingi linahitaji kofia kweli, la sivyo litapasuka hadi mzizini. Swali linabaki kuwa halali, na daktari mzuri atalijibu akikuonyesha picha ya jino lako.

Kiini kikiwa wazi, wengi hudhani jino limekwisha. Hapa kuna habari njema isiyojulikana vya kutosha. Mwaka 1978 daktari wa meno Miomir Cvek alichapisha matokeo ya meno 60 ya mbele yaliyovunjika hadi kwenye kiini. Hakutoa kiini chote; aliondoa takriban milimita mbili za juu, akafunika palipobaki kwa kalsiamu hidroksidi, akaziba. Asilimia 96 ya meno hayo yalipona. Njia hiyo bado inatumika, siku hizi mara nyingi kwa saruji maalumu za kalsiamu silikati, na kwa mtoto ambaye mzizi wa jino lake haujakomaa ina thamani kubwa zaidi, kwa sababu kiini kikibaki hai mzizi huendelea kukua na kuimarika.

Matibabu ya mzizi, yaani kutoa kiini chote, kusafisha mifereji na kuijaza, huja pale kiini kimekufa, kimeambukizwa, au kimevimba kiasi cha kutopona. Ni tiba inayoogopwa kuliko zote, ingawa kwa kawaida inakuja kuyaondoa maumivu ambayo mgonjwa tayari anayo. Ganzi ya lidokeini tunayo tangu mkemia Nils Löfgren alipoitengeneza nchini Sweden mwaka 1943. Ilianza kuuzwa mwaka 1948 na hadi leo bado inatumika kwa wingi. Inafanya kazi vizuri sana kwenye jino lililotulia. Kwenye jino ambalo kiini chake kimewaka kwa siku nyingi, hasa gego la chini, ganzi huweza kushika nusu nusu na daktari akalazimika kuongeza sindano au kubadilisha njia. Nimelitaja hili kwa makusudi. Mtu anayeahirisha kwa kuogopa maumivu anaweza, bila kujua, kuwa anakiandaa kikao kigumu kuliko kile alichokikimbia.

Kung'oa hubaki kwa meno yaliyopasuka wima hadi ndani ya mzizi, au yaliyovunjika chini sana ya ufizi. Kwa jino lililomeguka tu, si jambo la kulianzia kuliwaza.

Kama woga wenyewe ndio kizuizi, useme kabla hujafungua mdomo. Panga na daktari ishara, mkono ukiinuliwa kila kitu kisimame, na mhakikishie kuwa utaitumia. Omba aeleze kila hatua kabla ya kuifanya, au asieleze kabisa kama kusikia ndiko kunakokuogofya. Unaweza hata kwenda mara ya kwanza kwa uchunguzi tu: kutazamwa, kupigwa picha, kuelezwa, kurudi nyumbani. Picha moja ndogo ya jino hutoa mnururisho mdogo sana, usiozidi ule ambao mwili huupata kutoka kwenye mazingira ya kawaida kwa siku chache.

Muulize daktari pia kilichosababisha. Aliyeanguka anajua. Lakini jino lililomeguka kwa kutafuna kitu laini lina historia: uozo uliojificha, zibo kubwa la zamani, asidi ya vinywaji au ya tumbo inayopanda na kuipunguza enameli, au kusaga meno usingizini. Anayesaga meno akizibwa bila kutengenezewa kinga ya kuvaa usiku, ataimegua na resini pia.

Kwa watoto wadogo hesabu hubadilika. Mzizi wa jino la utoto umekaribiana na chipukizi la jino la ukubwani, hivyo daktari hupendelea kufanya machache: kulainisha, kufunika, kuangalia. Na jino likitoka lote, la utoto halirudishwi kwenye tundu lake, lakini la ukubwani linapaswa kurudishwa papo hapo, likishikwa sehemu ya juu na si mzizi. Ikishindikana, liwekwe kwenye maziwa na mtoto akimbizwe kwa daktari.

Baada ya kuzibwa

Jino lililopigwa linaweza kuonekana limepona kisha likabadilika miezi baadaye, na ndiyo sababu kurudi kuangaliwa si mazoea ya bure. Kwa mmeguko wa enameli na dentini, mwongozo wa 2020 unataka jino litazamwe baada ya wiki 6 hadi 8, kisha baada ya mwaka. Kiini kikiwa kiliguswa, huongezwa mwezi wa tatu na wa sita.

Katika ziara hizo daktari hujaribu jino kwa baridi au umeme kidogo aone kama linaitikia. Jino lisiloitikia si lazima liwe limekufa. Baada ya pigo, neva zinaweza kunyamaza hadi miezi mitatu kisha zikaamka, na kwa hiyo mwongozo huo unataka dalili zisizopungua mbili kabla ya kusema kiini kimekufa. Rangi nayo isomwe kwa uangalifu. Jino linalogeuka manjano zaidi mara nyingi linajijaza dentini kwa ndani, na mengi huishi hivyo bila tatizo. Linalogeuka kijivu linatia shaka zaidi, ingawa mengine hurudi kuwa sawa. Kijipele kwenye ufizi kinachotoa usaha, maumivu yanayokuja yenyewe bila kuchokozwa, au uchungu wa kitu cha moto unaoendelea muda mrefu baada ya kukimeza: ukiona mojawapo, usingoje tarehe uliyopewa, piga simu siku hiyohiyo na useme jino lilipigwa lini na lilizibwa kwa kitu gani.